Nakala Tatu za Chanda

Baba Pacha alistaafu akiwa na afya njema, meno yake yote, na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona vitu viwili vinavyofanana vimekaa pamoja akanyamaza. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha pampu, na huko ndiko alikojifunza kwamba mali haipotei kwa wizi peke yake. Hupotea pia kwa msongamano. Boliti za saizi moja zikilala kwenye rafu mbili, iko siku fundi ataambiwa zimekwisha, kumbe zimejaa tele. Alipohamishia macho hayo nyumbani, mkewe ndiye aliyeipata. Vifuniko vya sufuria vilipangwa kwa ukubwa. Sabuni za akiba zilihamishwa bila taarifa. Siku alipouliza kwa nini nyumba ya watu wawili ina mifagio mitatu, Mama Pacha alimtazama kitambo, akatoka nje na simu, akampigia binti yao mkubwa.

"Mtafutieni baba yenu kazi," alisema, "kabla hajanipunguza na mimi."

Binti mkubwa ni namna ya kusema tu, maana wale mabinti walikuwa pacha, na mkubwa alimtangulia mdogo kwa muda wa kuchemsha chai. Walikuwa wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Bibi yao, mama yake Baba Pacha, ndiye aliyewaita Chanda na Pete, kwa sababu mmoja hakuonekana bila mwenzake, na majina yao ya shuleni yakabaki kuwa ya vyeti. Chanda ndiye aliyetangulia kuzaliwa, Pete akafuata. Sasa wote walikuwa watu wazima, wenye miji yao. Chanda alisomesha hesabu mtaa wa tatu kutoka kwa wazazi. Pete alikuwa muuguzi katika mji mwingine, mwenye mume na binti anayekaribia kutimiza miaka mitano.

Kazi aliyoileta Chanda ilikuwa picha. Tangu wale pacha wakiwa wadogo, Mama Pacha alikuwa na kamera ndogo ya dijitali, na alipiga kama mtu anayelipwa. Kila siku yao ya kuzaliwa aliwavalisha sare, akawapiga wakiwa wawili kwenye kochi, kisha mmoja mmoja kwenye kiti cha karibu na dirisha, kwa zamu ya kuzaliwa, Chanda kwanza na Pete baadaye. Hakuchapisha hata moja, akisema atachapisha zikiwa nyingi. Zikawa nyingi mno. Kadi za kamera zililala kwenye kopo la vifungo, nyingine zilikuwa kwenye kompyuta kuukuu, na nyingine kwenye simu ambazo betri zake zilikuwa zimevimba.

"Zikusanye, Baba, zikae mahali pamoja," Chanda alimwambia, akamkabidhi diski ndogo ya nje, nyeusi, ukubwa wa kiganja. "Ukishamaliza, utoe nakala tatu. Mbili zikae humu ndani, kwenye vyombo tofauti. Ya tatu iende nyumba nyingine kabisa. Nyumba ikiungua, au mwizi akiingia, bado unazo."

Baba Pacha alilipenda neno hilo kuliko zawadi yenyewe. Lilikuwa neno la stoo kabisa.

Mwanzoni alikuwa kituko. Alishika ile diski kwa mikono miwili kama yai bichi, kisha, akimaliza, akaing'oa tu kwenye kompyuta bila kuaga, mpaka kompyuta ikamkaripia kwa maandishi naye akaiomba radhi kwa sauti. Folda ya kwanza aliiita Mpya. Ya pili akaiita Mpya Zaidi, na ya tatu, Mpya Kabisa, na wiki iliyofuata hakujua ipi imemzidi mwenzake. Lakini mtu aliyetunza stoo hashindwi na folda. Akazipanga upya kwa miaka, akatoka jasho, akazielewa. Jioni alikuwa akimwita mkewe aje aone mwaka mzima umesimama mstari, na Mama Pacha, ambaye sasa alikuwa anapika kwa amani, alikuja na kusifu.

Sasa tatizo. Mama Pacha, kwa hofu ya kupoteza, alikuwa amehamisha kadi zilezile kwenye kompyuta mara mbili, mara tatu, kila akikumbuka. Picha moja ilikuwa mahali pengi. Baba Pacha akampigia Chanda, na Chanda, akiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha mbele yake, akajibu kwa haraka, "Zinazojirudia zifute, Baba. Zinakula nafasi bure."

Kumwambia Baba Pacha afute vinavyojirudia ni kumwambia mlafi ajisikie nyumbani. Siku za mwanzo alikuwa mwangalifu. Alifungua kila picha ikajaa kioo, akalinganisha, akavua miwani, akavaa, ndipo akafuta. Halafu akazoea, na mazoea yana tabu. Akaacha kuzifungua, akawa anazipitia zikiwa ndogondogo kwenye safu, kama mtu apitaye mbele ya rafu anazozijua. Msichana wa gauni la njano kwenye kiti cha dirishani. Ubavuni mwake, msichana wa gauni la njano kwenye kiti cha dirishani. Alibakiza iliyotoka vizuri, ya pili akaifuta. Mwaka unaofuata, magauni ya bluu, akafanya vilevile. Kila jioni akalimwaga na pipa la taka la kompyuta, kwa sababu mtunza stoo halali na taka ndani.

Alipomaliza, kadi za zamani akazisafisha akampa mpiga picha wa mtaani, ambaye alizijaza harusi za watu. Nakala tatu akazitoa. Moja ikabaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski nyeusi kabatini. Ya tatu aliitia kwenye flashi, akaifunga kwa leso, akaipeleka mwenyewe kwa shemeji yake, kaka yake Mama Pacha, akamwambia asiiweke karibu na redio wala jiko. Shemeji aliipokea, akauliza kama kile kitu kinakula. Usiku huo Baba Pacha akaandika kwenye kundi la familia kwamba kumbukumbu zote za ukoo sasa ziko salama, hata mbingu zikishuka.

Kwa muda fulani alikuwa mtu mwenye furaha. Tumwachie hiyo.

Pete alipiga simu siku ya kazi, mchana, akiwa mapumzikoni. Sauti yake ilikuwa ya kucheka lakini ndani yake mlikuwa na jambo. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao, na tangu aingie hakuwa na wimbo mwingine: mtoto huyu ni wa kwetu mtupu, pua ya kwetu, paji la kwetu, hana hata ukucha wa mama yake. Anasema hivyo mbele ya wageni, na mbele ya mtoto mwenyewe.

"Juzi mtoto kaniuliza kama mimi ndiye niliyemzaa," Pete alisema. "Nimecheka, lakini Baba, iliniuma. Naomba picha moja tu. Mimi peke yangu, nikiwa na umri wake. Naichapisha naiweka ukutani karibu na ya kwake, na maneno yaishie hapo."

"Moja?" Baba Pacha alisema. "Nakuletea zote."

Akafungua folda, akachagua ya gauni la njano, akaituma kwa kifua mbele.

Jibu likaja upesi. *Ahsante Baba. Ila huyu ni Chanda.*

Akatuma ya mwaka uliofuata. *Chanda huyu.* Akatuma nyingine, na nyingine. *Chanda. Na huyu Chanda.* Kisha simu yenyewe ikaita. "Baba," Pete alisema, taratibu, "za kwangu ziko wapi?"

"Zitakuwa folda nyingine. Ngoja nikutafutie."

Alijua hapohapo. Kuna kujua kunakotangulia kufikiri, na huko ndiko kulikomfikia kabla hajaugusa mshale wa kompyuta. Akafungua mwaka baada ya mwaka. Kila mwaka, wasichana wawili kwenye kochi. Kila mwaka, msichana mmoja kwenye kiti. Kiti kimoja, msichana mmoja, tangu wanaota meno mpaka wanamaliza shule ya msingi, na mwingine hayupo, kama vile mama yao alichoka akaishia nusu ya kazi. Akafungua diski nyeusi. Hivyohivyo. Nakala ilikuwa safi, haikukosea hata nukta, na ya tatu ilikuwa salama kwenye leso kwa shemeji. Alikuwa amelihifadhi kosa lake mara tatu.

Lakini si hilo lililomtoa jasho. Aliikuza picha ya gauni la njano mpaka uso ukajaa kioo, akautazama. Alikuwa baba wa mtoto huyu. Alimlea, alimlisha, alimvusha barabara. Na angeapishwa pale mbele ya hakimu aseme ni yupi, angenyamaza. Akaibeba kompyuta mpaka chumbani, mkewe alikokuwa anapiga pasi.

"Huyu nani?"

Mama Pacha alitupa jicho moja. "Chanda."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje vipi?" Pasi iliendelea na safari yake kwenye kola. Kisha ikasimama. Akamtazama mumewe, akatazama kioo, akavuta kompyuta karibu, akaanza kupitia mwenyewe, mwaka hadi mwaka, na uso wake ukawa unazidi kutulia. Baba Pacha angependa agombe. Hakugomba. Zilikuwa picha zake, kazi ya mikono yake, na alichosema kilikuwa kimoja tu.

"Mtamalizana wewe na mwanao. Mimi simo."

Baba Pacha alikwenda kwa fundi wa kompyuta, na fundi akamweleza kwa heshima kwamba mahali zilipokuwa pamekwishaandikwa mambo mengine juu yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Akarudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, na njiani akafanya jambo ambalo mtu mwenye mvi zake hakustahili kulifanya. Akampigia Pete akamwambia diski imeharibika.

"Pole Baba. Lakini si ulitoa nakala? Ya Mjomba je?"

"Na hiyo nayo... inasumbua."

Njia ya mwongo fupi. Pete alimpigia mjomba wake jioni ileile, na mjomba, ambaye hakuona sababu ya kuficha, akasema kitu chenyewe kipo, kizima, kimelala vizuri, mbali na redio, na kijana wake alikifungua juzi wakatazama picha za zamani wakacheka sana. Pete hakumrudia baba yake kwa simu. Aliandika tu kwamba Jumamosi anakuja.

Siku zile za kungoja Baba Pacha alikonda. Aibu si kama njaa, hailetewi chakula. Akikaa, alijiona amekaa kama mwongo. Akisalimiwa mtaani, alijibu akitazama viatu. Alijaribu kupanga maneno. Nitasema macho yangu mabovu. Nitasema Chanda ndiye aliyeniambia nifute. Hili la pili alilishika kwa muda mrefu kidogo kabla ya kulitupa, na kwa kulishika tu akajidharau.

Jumamosi Pete alifika na binti yake, wakapokelewa, mtoto akachukuliwa na bibi yake jikoni. "Shikamoo Baba." "Marahaba mwanangu." Pete akavuta kiti mbele ya kompyuta pale sebuleni, akachomeka diski nyeusi, kisha flashi ambayo alikuwa ameipitia kwa mjomba, ingali ndani ya leso. Alizikagua polepole, kwa utulivu wa kiuguzi, kama anayetafuta mshipa. Baba Pacha alisimama nyuma yake na mikono yake hakujua aiweke wapi.

"Diski ni nzima, Baba," Pete alisema.

"Ni nzima."

"Na hii nzima."

"Nilizifuta." Ilitoka vibaya. "Nilikuwa nafuta zinazojirudia. Nikaona mtoto mmoja, gauni moja, kiti kimoja. Nilidhani ni picha ileile."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na pipa la taka?"

"Nilikuwa nalimwaga. Kila jioni." Akaona aibu hata ya usafi wake. "Halafu nikakudanganya. Diski haikuwa na kosa. Kosa ni langu. Mimi, Pete, baba yako mzazi, sikuwajua. Nisamehe, mwanangu."

Mwanamume huyu hakuwa na mazoea ya kumwomba mtu radhi. Pete hakugeuka. Alikuwa akisogeza mshale kwenye kioo bila kubonyeza kitu.

"Hilo la kutotujua, Baba, tulikuwa tunalijua," alisema.

"Mlilijua lini?"

"Tangu wadogo. Kuna siku ulikuwa na wageni wa kazini, ukaniita Chanda, nikakurekebisha. Wageni walicheka. Wewe ukacheka nao, lakini ukaona haya, tulikuona. Usiku tukapatana na mwenzangu. Baba akiita, yeyote aliye karibu aitike, hata kama si jina lake. Ukimtuma Chanda nikiwa mimi, naenda. Ukimsifu Chanda nikiwa mimi, nasema ahsante." Akatabasamu kidogo. "Ukimchapa pia. Hapo ndipo mapatano yalikuwa magumu."

Baba Pacha akakaa. Alikuwa amedhani aibu ina sakafu, na kwamba ameshaifikia. Kumbe watoto wawili walioshindwa kufunga kamba za viatu vyao walikuwa wamekaa kikao kumsitiri yeye, na wakamsitiri mpaka wakawa watu wazima, na asante yao ilikuwa ni hii. Alitazama zulia. Jikoni mjukuu wake alikuwa anamweleza bibi yake jambo refu kuhusu paka.

"Nifundishe," alisema mwishowe. "Hata sasa. Nionyeshe wewe ni yupi."

Pete alifungua picha ya kochi, wote wawili, magauni ya njano. "Jaribu kwanza."

Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alitafuta kovu, alitafuta kipimo cha masikio. "Huyu wa kushoto."

"Huyo Chanda."

Ya bluu. "Wa kulia?"

"Chanda."

"Basi sina macho," alisema, na hakuwa anatania.

"Macho unayo. Unatazama pasipo penyewe. Usiangalie pua wala masikio, hivyo tumegawana sawasawa. Tazama wanaangalia wapi. Chanda anaitazama kamera, ona, kila mwaka. Ni mtoto wa maelekezo, akiambiwa tazama hapa anatazama hapa."

"Na wewe?"

"Mimi sikuweza. Mama alinigombeza mpaka akaniacha."

Akapitia tena, mwaka kwa mwaka, safari hii bila kuambiwa, na sasa aliona, na alipoona hakuweza tena kuacha kuona. Kwenye kila picha ya kochi msichana mmoja alimtazama mpiga picha, na mwingine macho yake yalikuwa pembeni, juu kidogo, nje ya picha, akicheka na kitu kisichoonekana. Ndipo zikamrudia zile alizozifuta, si zote, lakini za kutosha. Msichana kwenye kiti, uso umegeuka, haangalii kamera. Hii haikutoka vizuri, alikuwa akijisemea, kila mara, akabonyeza.

"Kulikuwa na nini huko?" aliuliza. "Huko pembeni ulikokuwa unatazama?"

Pete aliona kwamba jibu litamwumiza mtu na hana jingine la kumpa.

"Wewe, Baba," alisema. "Mama alikuwa anakusimamisha pale dirishani ushike pazia, mwanga uingie."

Baba Pacha alitaka kuinua uso amtazame binti yake, akashindwa.